Ngome, Mahakama na Kuta za Matumbawe: Majibu kwa Wasomaji

Safu iliyopita ilihusu ofisi za utawala za Treasury Square hapa Mombasa, na maswali yamekuja mengi. Nimechagua matano.

Kabla ya Treasury Square, Mombasa ilitawaliwa kutoka jengo gani? (Msomaji, Tudor)

Kwa muda mrefu ilikuwa Ngomeni, yaani Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na kuimaliza 1596, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani wakaizingira tangu 1696, wakaingia Desemba 1698. Baadaye ukoo wa Wamazrui ulikaa humo ukiitawala Mombasa hadi 1837. Wageni wengi hukimbilia mizinga. Mimi wangu huwapeleka kwanza kwenye ukumbi wa mapokezi wa Wamazrui, wakazione mbao zilizochongwa maandishi ya Kiarabu. Hapo ndipo unapoelewa kwamba Ngome ilikuwa nyumba ya kuamulia mambo ya watu, si ya vita tu.

Kuna na kipande cha kati ambacho husahaulika. Mwaka 1824 Kapteni Owen wa meli ya Kiingereza ya Leven alikubali ombi la Wamazrui la kulindwa na Waingereza, bendera ya Uingereza ikapandishwa, 1826 ikashushwa. Nyumba ya Leven, pale kwenye bandari ya zamani, imebeba jina la meli hiyo hadi leo.

Waingereza waliporudi na kutangaza himaya yao mwaka 1895, Ngome waliigeuza jela, ikabaki jela hadi 1958. Shughuli za utawala zikatoka nje ya kuta na kuhamia majengo mapya, ndiyo hayo ya Treasury Square ambako leo kuna ofisi za kaunti.

Lile jengo linalotazamana na Ngome lilikuwa la nini? (Mwanafunzi, Kisauni)

Ni mahakama ya zamani, mwanangu, iliyojengwa 1902. Hebu simama katikati ya barabara utazame pande zote mbili: aliyehukumiwa kifungo upande huu, jela ilikuwa ng'ambo tu. Sasa majengo yote mawili yako chini ya Makumbusho ya Taifa.

Mbona vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu lakini vyembamba? (Mama, Majengo)

Shikamoo mama. Sababu ni boriti. Dari ililazwa juu ya miti ya mikoko, na boriti nzuri hufaa kuvuka nafasi ya mita 2.5 hadi 3 hivi. Ukizidisha, inapinda kwa uzito wa mawe na chokaa vilivyo juu yake. Kwa hiyo upana wa chumba uliamuliwa na mti, ila urefu ulikuwa hiari ya mwenye nyumba. Alichokosa kwa upana akakirudisha kwa uzuri: zidaka (vishubaka) ukutani, mlango wa nakshi, na baraza nje ya kupokelea watu.

Ukuta wetu wa matumbawe unamung'unyika. Fundi anasema tupige lipu ya saruji. Tukubali? (Msomaji, Kibokoni)

Usikubali, nakusihi. Nyumba ya bibi yangu ilifanyiwa hivyo hivyo. Siku fundi alipomaliza, ukuta uling'aa tukampongeza. Masika mawili baadaye lipu ilivimba kama andazi. Nilipoigonga kwa kidole ikalia tupu, na kipande ukubwa wa sinia kikaanguka miguuni pangu, nyuma yake jiwe limelowa na kufunikwa chumvi nyeupe.

Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi. Hunyonya maji ya mvua na unyevu wa ardhini, halafu huutoa taratibu jua likipiga. Chokaa inaupisha unyevu huo, saruji inauzuia. Maji yakikosa pa kutokea hubaki ndani na chumvi yake, chumvi inaganda na kulivunja jiwe lenyewe. Lipu inabaki ngumu, ukuta ndio unaoliwa.

Wazee waliijua kazi hii. Matumbawe yalipangwa juu ya rundo la magogo yakachomwa mpaka yakawa chokaa, nayo ikamwagiwa maji na kuachwa ilowe muda mrefu kabla ya kuchanganywa na mchanga. Leo unahitaji mwashi aliyeshika chokaa kwa mikono yake. Aikwangue lipu mbovu pole pole, aliache jiwe likauke, kisha apige tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Usiwe na haraka naye. Na kwanza kabisa kagua mfereji wa paa: ukuta mwingi wa Mji wa Kale unauawa na bomba lililopasuka, lawama ikaliangukia jiwe.

Mlango wa nakshi wa babu umeoza chini. Naweza kuweka wa chuma? (Msomaji, Mji wa Kale)

Mji wa Kale ni eneo linalohifadhiwa kisheria, kwa hiyo usiguse kitu kabla ya kwenda ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale. Nenda na picha za mlango. Kilichooza chini mara nyingi ni kipande cha miguu ya fremu, na seremala hodari hukikata akaunga mbao mpya ya aina ile ile, nakshi za juu zisiguswe. Nilimwona mmoja akifanya kazi hiyo mlango ukiwa umesimama pale pale, watoto wakipita kwenda madrasa.