Ofisi ya makazi inataka taarifa zangu za benki. Inaruhusiwa kuona nini?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Ninaishi Ohio, Marekani, kwenye nyumba ya vocha ya Section 8, mpango wa serikali unaosaidia kulipa kodi ya nyumba. Uhakiki wa mwaka umefika, na barua ya ofisi ya makazi inataka taarifa za benki za miezi 6, zangu na za binti yangu aliyetimiza miaka 18. Mimi ndiye mtunza hazina wa chama chetu. Tuko akina mama 12, kila mmoja anatoa dola 200 kwa mwezi, na zote zinapitia akaunti yangu kwa Zelle (huduma ya kutumiana pesa kati ya benki) kabla ya kwenda kwa mwenye zamu. Kila mwezi pia namtumia mama yangu pesa nyumbani. Sina ninachoficha, ila sipendi mtu asome kila ninachonunua. Je, wana haki ya kudai kurasa zote? Naweza kuziba baadhi ya mistari kwa wino mweusi? Na nikikataa itakuwaje?

JIBU: Dada yangu, ofisi ina haki ya kujua kipato chako na mali yako, na ukikataa moja kwa moja unaweza kupoteza vocha. Lakini haki hiyo ina mpaka, na mara nyingi karatasi inayotosha ni ndogo kuliko iliyoombwa. Kwa hali yako manunuzi hayanipi wasiwasi hata kidogo. Wasiwasi wangu ni hizo pesa za chama, na nitazifikia.

Kwanza haki yenyewe inatoka wapi. Kanuni za HUD, wizara ya makazi, zinamtaka mwenye vocha atoe taarifa ambazo ofisi au wizara inaona ni za lazima katika kuendesha mpango (kifungu ni 24 CFR 982.551, ukitaka kukitaja kwenye barua yako). Juu ya hapo, kila mtu mzima ndani ya nyumba anatia sahihi fomu ya idhini. Fomu ya zamani, HUD-9886, ilikwisha nguvu baada ya miezi 15. Mpya, HUD-9886-A, unaisaini mara moja na inabaki hai mpaka utoke kwenye mpango au uiondoe kwa maandishi, na ofisi inaweza kuwa na sera kwamba ukiiondoa, msaada nao unakoma. Kwa idhini hiyo wanaweza hata kuiandikia benki yako wenyewe, lakini kwa sababu moja tu: kuamua kama unastahili msaada na wa kiasi gani. Ulichokula Jumamosi hakimo humo.

Watu wengi huniambia, "Si wanaona kila kitu kwenye kompyuta yao?" Hawaoni. Mfumo wao unaitwa EIV, nao ni wa lazima tangu 31 Januari 2010. Unawaonyesha mishahara iliyoripotiwa na waajiri, malipo ya kukosa kazi na malipo ya Social Security (mafao ya serikali ya uzeeni na ya ulemavu). Salio la benki halimo. Ndiyo maana wanakuja kwako.

Sasa hiyo miezi 6. Kwa miaka mingi, akaunti ya matumizi ya kila siku ilihesabiwa kwa wastani wa salio la miezi 6, na barua nyingi bado zimebeba mazoea hayo. Sheria ya HOTMA ya 2016, ambayo kanuni zake zilichapishwa 14 Februari 2023, ilibadilisha mambo. Chini yake, taarifa moja inayoonyesha salio la sasa inatosha kuthibitisha akaunti. Kubwa zaidi, kama mali zote za familia hazizidi dola 50,000 (kiwango hupandishwa kila mwaka, kwa 2025 kilikuwa dola 51,600), ofisi inaruhusiwa kupokea tamko lako mwenyewe lenye sahihi na kukagua nyaraka mara moja kila miaka 3. Kabla ya hapo kikomo cha tamko kilikuwa dola 5,000. Utekelezaji wa HOTMA umeahirishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo ofisi ya mji wako inaweza kuwa inafuata kanuni mpya na ya mji wa jirani bado iko kwenye za zamani. Zingatia pia kwamba ofisi inaruhusiwa kupokea tamko, hailazimishwi.

Kwa hiyo usianze kwa kubishana. Waandikie swali moja: mnathibitisha mali, au mnathibitisha kipato? Kama ni mali, omba tamko au taarifa ya mwezi mmoja. Kama ni kipato, miezi 6 inaweza kuwa na maana, hasa kwa mtu aliyejiajiri, anayesema hana kipato kabisa, au anayesaidiwa na ndugu. Kwa mwajiriwa kama wewe (nachukulia una slipu za mshahara) kipato kinathibitishwa kwa slipu, na hapo waweza kuuliza kwa adabu miezi mingine inatafutwa kwa lipi. Barua pepe fupi yenye tarehe inatosha. Nimeona maombi ya miezi 6 yakishuka kuwa mwezi 1 kwa sababu mtu aliuliza tu. Barua ile ilikuwa nakala inayotumwa kwa kila mpangaji.

Wino mweusi, hapana. Najua inaonekana ni jambo la haki, maana mistari ni yako. Lakini miongozo ya HUD inairuhusu ofisi kukataa karatasi uliyoleta mwenyewe ikiwa imebadilishwa, imeharibiwa, haisomeki au inaonekana ya kughushi. Ukurasa wenye mistari iliyozibwa unaangukia humo moja kwa moja, na mbaya zaidi, afisa aliyekuwa anaupitia haraka sasa anajiuliza chini ya wino kuna nini. Njia safi ni kwenda benki na kuomba barua ya uthibitisho wa akaunti: jina lako, tarakimu nne za mwisho, salio la leo, kiwango cha riba. Haina muamala hata mmoja. Iambatanishe na tamko, uulize kwa maandishi kama inatosha. Wakisema haitoshi, waombe wataje sababu.

Tuje kwenye chama. Anayesoma taarifa ya benki kwa niaba ya ofisi hana muda wa kusoma ulikonunua viatu. Jicho lake linashuka kwenye safu ya pesa zilizoingia. Kwako ataona, kila mwanzo wa mwezi, mistari 11 ya Zelle ya dola 200 kutoka kwa watu 11 tofauti. Jumla ni dola 2,200. Kwa miezi 6, dola 13,200. Akizidisha kupata mwaka, dola 26,400. Akiziita msaada unaojirudia kutoka kwa watu wa nje ya nyumba, kanuni inamtaka azihesabu kuwa kipato, na kwa kuwa mchango wako wa kodi ya nyumba ni takriban asilimia 30 ya kipato, kodi yako inaruka kwa kama dola 660 kwa mwezi. Kwa pesa ambazo siku tatu baadaye zilishaenda kwa mama mwenye zamu! Halafu anaweza kuuliza kwa nini mwaka jana hukuzitaja, na hapo neno udanganyifu linaanza kunukia.

Pesa za wenzako si kipato chako, na zamu yako ikifika unarudishiwa ulichotoa mwenyewe. Kurudishiwa akiba yako hakujawahi kuwa kipato. Lakini karatasi ya benki haijui chama ni nini, na huyo afisa huenda hajawahi kukisikia maishani mwake. Mwambie wewe kabla hajauliza. Toa nakala ya daftari la chama lenye majina, tarehe, kiasi na mpangilio wa zamu, mwenyekiti na mwanachama mmoja watie sahihi, na uandike ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiingereza. Kwenye taarifa ya benki usizibe kitu. Andika pembeni ya kila mstari wa chama kwenye nakala ya pili, na ile halisi ibaki safi. Dola 2,400 zinazotoka baada ya siku chache ndizo shahidi wako mkubwa, kwa hiyo kwa sehemu hii, miezi 6 inayoonyesha pesa zikiingia na kutoka inaweza kukusaidia kuliko mwezi mmoja. Ndiyo, ni kinyume na nilichokwambia juu. Faragha nayo ina bei yake, na hapa sidhani kama inalipa.

Baada ya uhakiki huu, toa chama kwenye akaunti yako binafsi. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi wawili au watatu. Akaunti nyingine kwa jina lako peke yako haitibu tatizo, kwa sababu ofisi itaihesabu kuwa yako na utatakiwa kuitaja.

Kuhusu mama: unachomtumia hakipunguzi kipato chako mbele ya ofisi, kwa hiyo usitegemee nafuu, na fedha za matunzo za kawaida hazipaswi kukuletea shida. Kiasi kikubwa ni habari nyingine. Mali uliyogawa bure au kwa bei ya kutupa ndani ya miaka 2 iliyopita bado inaweza kuhesabiwa kuwa yako. Na kama sehemu ya pesa hizo imenunua kiwanja au inajenga nyumba kwa jina lako, hiyo ni mali hata ikiwa nje ya Marekani. Itaje. Wengi wanaosumbuliwa hawana mali ya kuwaondoa kwenye mpango. Wanasumbuliwa kwa kuwa waliandika "sina" mahali palipotaka ukweli.

Zawadi za harusi, siku ya kuzaliwa au mtoto mchanga hazihesabiwi chini ya kanuni mpya, wala mkopo uliochukua kwa mkopeshaji. Riba halisi ya akaunti huhesabiwa hata ikiwa senti.

Binti yako naye ni mtu mzima mbele ya kanuni, kwa hiyo anasaini fomu yake mwenyewe. Hapa wazazi tunasahau kitu: faragha yake ni yake. Anaweza kupeleka taarifa zake ofisini mwenyewe bila kupitia mikononi mwako, na kama kuna jambo asilotaka ulione, mwachie. Akiwa mwanafunzi wa muda wote na si mkuu wa kaya wala mwenzi wake, sehemu kubwa ya mshahara wake haihesabiwi, hivyo apeleke na barua ya chuo.

Usimpe mtu yeyote nywila ya benki, hata afisa mwenyewe akisema ni kwa kuharakisha. Usitume kurasa hizo kama picha za WhatsApp. Peleka kwa mkono na uchukue nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, au tumia tovuti yao yenye akaunti yako. Mwenye nyumba hahitaji kuona karatasi hizi ili ofisi ikuhakiki. Akizidai kwa kisingizio cha uhakiki, mwelekeze ofisini. Na mtu akitumia idhini yako kuchukua au kutoa taarifa zako kwa hila, fomu yenyewe inataja adhabu: ni kosa la jinai, na faini yake inafika dola 5,000.

Ukikataa kabisa, au ukinyamaza mpaka tarehe ipite, ofisi itakuandikia kwamba inasitisha msaada. Barua hiyo ikija, hesabu siku zilizoandikwa humo, uombe kusikilizwa kwa maandishi kabla hazijaisha. Kabla ya kikao una haki ya kuona nyaraka za ofisi zinazohusu kesi yako (kifungu cha 982.555), pamoja na hesabu iliyofanywa juu ya taarifa zako za benki. Omba hiyo hesabu hata kama hawajakusitisha bali wamekupandishia tu kodi. Kama mistari ya chama imeingizwa, utaiona kwenye jedwali la kipato, kwa kawaida chini ya michango au zawadi. Chukua nakala ya jedwali hilo na daftari lako, uende navyo ofisi ya msaada wa kisheria bila malipo iliyo karibu nawe, na ufike na barua yenyewe pamoja na bahasha yake, maana tarehe ya posta inaweza kuwa na kazi.