"Tatembea" au "nitatembea"? Kuhusu wimbo "Bwana u sehemu yangu"

SWALI: Kwaya yetu inachapa upya kijitabu cha nyimbo. Tulipofika kwenye "Bwana u sehemu yangu" tukabishana. Baadhi wanataka "tatembea na wewe" iandikwe "nitatembea na wewe", kwa kuwa "tatembea" si Kiswahili sanifu. Wengine wanasema hata hiyo "u" ni kosa la wachapaji, iwe "Bwana ni sehemu yangu". Na kijana mmoja wa kipaimara akauliza: Bwana anakuwaje "sehemu" ya mtu? Tusahihishe au tuache?

JIBU: Acheni. "Tatembea" ni sahihi mahali hapo, na "u" ni sahihi popote pale. Ila sababu zake ni mbili tofauti, na mkizichanganya mtashindwa kuwajibu wenzenu.

Tuanze na tuni, kwa sababu ndiyo iliyotangulia maneno ya Kiswahili. Wimbo huu ulitungwa kwa Kiingereza mwaka 1874 na Fanny Crosby, Mmarekani aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mchanga wa wiki chache na aliyekuja kuandika nyimbo za dini zaidi ya 8,000. Mwenyewe alieleza kwamba alikuwa ameketi chumbani jioni moja akiwaza jinsi Mungu alivyo mwenzi wa karibu katika safari yake, maneno yakamjia. Tuni ni ya Silas Jones Vail, na kwa Kiingereza wimbo unajulikana kwa maneno ya kiitikio chake, "Close to Thee". Ubeti una mishororo minne: wa kwanza na wa tatu una silabi 8, wa pili na wa nne una silabi 7. Mfasiri wa Kiswahili hakuwa na ruhusa ya kuongeza noti. Hesabuni alivyofanya:

Bwa-na u se-he-mu ya-ngu (8)
Ra-fi-ki ya-ngu we-we (7)
Ka-ti-ka sa-fa-ri ya-ngu (8)
Ta-te-mbe-a na we-we (7)

Sasa wekeni "nitatembea na wewe": ni-ta-te-mbe-a na we-we, silabi 8 kwenye noti 7. Mtakaposimama kuimba, wanakwaya wataipasua noti ya kwanza wapate kuiingiza hiyo "ni", huku waumini waliozoea wakianza na "ta". Mstari utagongana pale pale mwanzoni.

Kuna anayeweza kuja na dawa ya kijanja: "Nitatembea nawe". Hesabu inakubali, ni-ta-te-mbe-a na-we ni silabi 7 kamili, na sarufi haina doa. Tatizo ni mkazo. Mapigo mazito ya tuni hii huangukia silabi ya 1, 3, 5 na 7. Kiswahili nacho huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, kwa hiyo tunasema tateMBEa. Katika "Tatembea na wewe" silabi "mbe" ni ya tatu, inakutana na pigo zito, na neno linasikika kama linavyosemwa. Katika "Nitatembea nawe" silabi hiyo inasogea hadi nafasi ya nne, kwenye pigo jepesi, na pigo zito linaangukia "te" na "a". Mtaimba "NItaTEmbeA" iliyochanganyikiwa, na hakuna atakayejua kwa nini mstari umepoa. Kina nacho kinapungua, maana mshororo wa pili unaishia na "wewe" kamili.

Nisimsifu mfasiri kupita kiasi. Mshororo wa pili kwa mkazo ni dhaifu: "raFIki YAngu WEwe" unalazimika kuimbwa RAfiKI yanGU weWE, kinyume kabisa. Hilo halikwepeki kirahisi, kwa sababu mishororo ya silabi 7 inataka kuishia kwenye pigo zito, na maneno ya Kiswahili ya silabi mbili au zaidi karibu yote hayaishii kwenye mkazo. Lakini mshororo wa kwanza ni kazi safi: BWAna, U, seHEmu, YAngu. Kila mkazo umekaa juu ya pigo lake.

Tuje kwenye sarufi. Kukata neno ili mizani, yaani hesabu ya silabi, itimie kunaitwa inkisari, na mwanafunzi yeyote aliyesoma ushairi ameikuta katika orodha ya uhuru wa mshairi pamoja na mazida (kurefusha neno), tabdila (kubadili umbo la neno) na kuboronga sarufi. Hata hivyo "tatembea" haikubuniwa mezani kwa ajili ya tuni. Katika mazungumzo ya kila siku "ni" ya nafsi ya kwanza mbele ya "ta" hulegea: watu husema ntakuja, ntakwambia, na katika ushairi hudondoka moja kwa moja. Jirani yake ni "nasoma" kwa "ninasoma", ambayo hatuishtukii tena. Ndiyo maana katika "Cha kutumaini sina" mnaimba "Kwake Yesu nasimama" bila kinyongo. "Ninasimama" ingeongeza silabi ya 9 kwenye mstari wa 8.

Inkisari hii ina mpaka. Ni nafsi ya kwanza umoja pekee inayoweza kukatwa hivyo. Utatembea, atatembea, tutatembea na watatembea hazikatiki, na ndiyo sababu "tatembea" haina utata: nafsi ikikosekana, msikilizaji anajua ni "mimi". Kwa hiyo jihadharini na kosa ambalo ni baya kuliko lile mnalobishania, nalo ni kuandika "tutatembea". Linazidisha silabi na pia linageuza sala ya mtu mmoja kuwa ya umati, wakati wimbo wote ni "yangu", "yanikute", "niongoze". Katika insha au barua andikeni "nitatembea".

Kuhusu "u", hapa mizani haiwezi kuwasaidia. "Bwana ni sehemu yangu" nayo ina silabi 8 na inaimbika vizuri. Kinachoharibika ni maana. "U" ni kiambishi cha nafsi ya pili kinachosimama peke yake badala ya kitenzi "kuwa", katika mfululizo wa: wewe u, yeye yu, sisi tu, ninyi m, wao wa. Mnaitumia mnaposalimiana "U hali gani?", na katika Biblia mnasoma "Bwana yu karibu". "Bwana u sehemu yangu" ni kumwambia Bwana usoni: wewe ndiwe sehemu yangu. Mkiweka "ni", mnamzungumzia akiwa pembeni, kisha mshororo wa pili unamgeukia ghafla, "Rafiki yangu, wewe". Iandikwe mbali na neno linalofuata. "Usehemu" si neno. Mkipenda wekeni mkato baada ya "Bwana", ili msomaji mgeni aone kwamba anaitwa.

Kijana wa kipaimara ameuliza swali zuri kuliko watu wazima. Leo "sehemu" kwetu ni kipande cha kitu au mahali: sehemu ya kwanza, sehemu za kukaa. Neno limetoka katika Kiarabu, sahm, ambalo kati ya maana zake ni fungu la mtu katika mgawanyo, hasa wa mirathi. Maana hiyo ndiyo iliyomo wimboni. Crosby aliegemea lugha ya Zaburi 73:26, ambayo katika Biblia ya Union Version inasema Mungu ni "mwamba wa moyo wangu na sehemu yangu milele". Mahali pengine tafsiri hiyo hiyo hutumia "fungu", kama Maombolezo 3:24, "BWANA ndiye fungu langu". Chanzo cha usemi kiko Hesabu 18:20: makabila ya Israeli yanagawiwa ardhi, Haruni anaambiwa hatapata fungu kati yao, Bwana mwenyewe ndiye fungu lake na urithi wake. Mwimbaji basi anasema: wengine wamegawiwa mashamba, mimi nimegawiwa wewe. Ubeti wa pili unafuata papo hapo, "Mali hapa sikutaka", na anayejua habari ya Walawi, kabila la Haruni ambalo halikugawiwa ardhi, anaona kwa nini mali imetajwa.

Katika ubeti huo huo kuna neno ambalo hamkuliuliza na ambalo hupotosha watu zaidi ya yote: "Na yanikute mashaka, sawasawa na wewe". Vijana husikia wingi wa "shaka", yaani wasiwasi wa imani, na wanashangaa Yesu alikuwa na shaka gani. Hapa "mashaka" ni taabu na dhiki, matumizi ya zamani yaliyo hai bado katika misemo kama "kupata mashaka". Kiingereza chake kinazungumzia kutaabika kwa furaha. Mwimbaji anakubali dhiki zimpate kama zilivyompata Bwana wake. "Yanikute" inakubaliana na mashaka, ngeli ya ya-, kwa hiyo msiisahihishe kuwa "zinikute" wala "inikute".

Katika ubeti wa tatu angalieni "mlangoni mwa mbinguni" isiwe "mlangoni kwa mbinguni". "Mwa" inamwingiza mtu ndani ya mlango, na mshororo unaofuata ni "Niingie na wewe". "Pa" isingekuwa kosa la sarufi, ila ingemwacha nje akisubiri.

Katika kiitikio, "Pamoja na wewe" ina silabi 6 na inajaza noti ambazo Kiingereza hujaza kwa kurudia maneno yake matatu mara mbili. Iandikwe mara mbili, kisha mishororo miwili ya mwisho ya ubeti husika. Vijitabu vingi huandika kiitikio cha ubeti wa kwanza tu, na wasioujua wimbo hurudia "Katika safari yangu" hata kwenye ubeti wa mlango wa mbinguni. Kichapeni chini ya kila ubeti; ni mistari minane tu ya ziada.