Mechi ya kirafiki au ya kombe? Majibu kwa wachezaji wa vita vya mezani

Kila Jumamosi baada ya Alasiri, barazani kwetu Ngamiani, Tanga, tunapanga visanamu vya askari mezani, tunapima mwendo wao kwa futi ya fundi cherehani na kurusha dadu kuamua nani kapigwa na nani kasalimika. Tangu nilipoeleza mchezo huu kwenye safu hii nimepokea maswali mengi, na karibu yote yanazunguka jambo moja. Kuna anayecheza kupitisha jioni na kuna anayecheza kushinda, na wakikutana meza moja mmoja huondoka amenuna. Leo najibu saba.

Swali (Makorora): Rafiki yangu tuliyeanza naye siku hizi anakuja na jeshi alilolinakili mtandaoni kutoka kwa mabingwa wa Ulaya. Mimi langu nimelipanga kwa kupenda sura za askari tu. Raundi ya pili sina kitu mezani. Huku si kuniibia?

Jibu: Hakukuibia, ndugu yangu. Amepiga hesabu, basi. Chukua askari wanaorusha dadu 10, na kila dadu ikitoka 3 kwenda juu wamempiga adui: kwa wastani watapata kati ya 6 na 7. Waweke karibu na kamanda anayewaruhusu kurusha tena kila dadu iliyotoka 1, wastani unapanda hadi karibu 8. Kwa macho ni tofauti ndogo. Ukiirudia kwa kila kikosi, kila raundi, ndiyo hiyo inayokumaliza mapema. Jeshi la mashindano limejaa mahesabu ya namna hiyo, na aliyelipanga amefanya kazi ya kweli.

Lakini na wewe hukukosea. Anayechagua askari kwa sura zao anaupenda mchezo sawasawa na mwenzake. Kosa lenu ni kwamba hamkuambiana mnacheza nini.

Nalisema hili nikiwa na deni. Miaka kadhaa iliyopita alikuja kijana barazani mara ya kwanza, na askari aliowapaka rangi wiki tatu, usiku, baada ya kazi. Mmoja alikuwa na kitambaa shingoni chenye mistari myembamba kama uzi, kila mstari umepigwa kwa brashi yenye nywele chache. Sikumuuliza amekuja kwa lipi. Nikapanga jeshi langu kali, nikammaliza kabla saa haijaisha. Akamfunga kila askari kwenye pamba, akawalaza kwenye boksi la viatu, akasema "ahsante kaka". Hakurudi tena. Ningeweza kumpata rafiki wa miaka mingi, nikapata ushindi ambao hata sikumbuki ulikuwa wa ngapi.

Kwa hiyo mpigie mwenzako simu siku moja kabla. Mwambie, "Jumamosi nataka ya kirafiki, njoo na jeshi la kawaida, Jumamosi nyingine nitajipima na hilo lako kali." Usisubiri mpaka amekwisha panga ndipo umwombe alegeze mkono. Hapo unamtaka acheze na huku anajizuia, na hakuna anayefurahia mchezo wa hivyo.

Swali (Mzee wa Mabawa): Mwanangu, unawafundisha vijana michezo ya Wazungu. Bao limekosa nini?

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Bao halijakosa kitu, na mimi mwenyewe nimelelewa nalo. Sura hizi mbili tunazozungumzia nilizijua kwanza kwenye bao. Kuna bao la barazani, kahawa inapita, kila mpita njia anamwonyesha mchezaji pa kula, na hakuna anayekasirika. Na kuna bao la mafundi, watu wamenyamaza, mtu anahesabu mtaji kichwani mpaka jasho linamtoka. Sijapata kusikia fundi wa bao akiitwa mwizi kwa sababu anajua.

Nadhani nimeigundua sababu. Katika bao la Kiswahili kila mmoja anaanza na kete 32: 10 zimekwisha wekwa, 6 kati yake kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza moja moja. Tuko sawa kabla ya kete ya kwanza, na hakuna dadu ya kusingizia. Kwenye vita vya mezani kila mtu anakuja na jeshi alilolipanga kwake. Nusu ya pambano imechezwa nyumbani, mbali na macho ya mwenzake. Ndiyo maana vijana hawa wanahitaji maongezi ambayo nyinyi wazee hamkuyahitaji. Bao langu liko pale pale barazani, mzee. Karibu Jumamosi.

Swali (Chumbageni): Kwa nini tusiache pointi kabisa? Kila mtu alete anachopenda.

Jibu: Pointi, kwa wasiozijua, ni bei ambayo sheria humpa kila askari, na majeshi hulinganishwa kwa jumla yake. Kuziacha kumejaribiwa, na waliojaribu ni kampuni kubwa kuliko zote katika mchezo huu. Games Workshop ya Uingereza, waliotoa Warhammer mwaka 1983 na Warhammer 40,000 mwaka 1987, walitoa mchezo mpya mwaka 2015 uitwao Age of Sigmar, bila pointi. Lete ulicho nacho, cheza. Wachezaji wengi walilalamika, na mwaka 2016 kikatoka kitabu kilichogawa mchezo njia tatu. Mwaka 2017 Warhammer 40,000 nayo ikafuata mgawanyo huo. Barazani kwetu njia hizo tunaziita mchezo huria, usio na pointi. Mchezo wa kisa, ambapo mnacheza hadithi. Na mchezo wa mizani, wenye pointi sawa, ambao ndio wa mashindano. Jeshi la kawaida la mizani ni pointi 2,000, na mechi huchukua kama saa tatu.

Mimi napenda pointi, hata kwenye kirafiki. Ila zichukuliwe kama mizani ya sokoni. Kilo ya nguru na kilo ya dagaa zote ni kilo, lakini hakuna mama wa Tanga atakayekuambia ni chakula kimoja. Majeshi mawili ya pointi 2,000 yanaweza kupishana vilevile.

Swali (Mwanafunzi, Pongwe): Sina pesa ya visanamu. Natumia vifuniko vya soda nilivyovibandika karatasi. Naruhusiwa?

Jibu: Kwenye meza ya kirafiki, ndiyo, na asiyekubali mwache. Andika juu ya kila kifuniko ni askari gani na ana silaha gani, ili mwenzako asiulize kila dakika. Mashindano rasmi ya Warhammer ni habari nyingine. Silaha inatakiwa ionekane kwenye kisanamu chenyewe, na tangu toleo la 2020 la Warhammer 40,000 jeshi lililopakwa rangi linapata pointi 10 kati ya 100 za ushindi wa mechi. Kwa mfuko wako, tafuta sheria za vita vya kale ziitwazo De Bellis Antiquitatis, za mwaka 1990. Jeshi zima ni vipande 12 tu, unavikata kwenye boksi la sabuni, na mechi haifiki saa moja. Watu wanashindana kwa sheria hizo kwa ukali ule ule.

Swali (Raskazone): Nataka kucheza Vita vya Tanga vya 1914. Nikilinganisha pointi, si historia tena. Nikiweka idadi ya kweli, hakuna atakayekubali upande mdogo. Nifanyeje?

Jibu: Nimelisubiri swali hili muda mrefu, hasa kutoka kwa mtu anayeishi pale pale waliposhukia. Kwa wasiokijua kisa: mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walileta watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, chini ya Jenerali Aitken. Mji ulilindwa na watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika, chini ya Mjerumani von Lettow-Vorbeck. Wachache wakashinda, na tarehe 5 wale wengi wakarudi melini na kuacha silaha nyingi ufukweni.

Kabla ya dadu, nakuomba jambo moja. Waliokufa kwenye minazi ile ni watu, na wapo askari ambao wajukuu zao tunasalimiana nao mitaani. Makaburi ya vita vile yapo hapa mjini. Tembelea kwanza, halafu kaa mezani.

Sasa mpango. Kipande kimoja kiwe watu 50: Mwingereza ana vipande 160, Mjerumani 20. Meza ya chakula inatosha. Huku pwani ya Raskazone, katikati mashamba, kule mji na stesheni ya reli. Usimpe Mjerumani vipande vyote. Tarehe 2 nahodha wa manowari ya Fox aliingia bandarini kuutaka mji ujisalimishe, kwa hiyo walinzi walijua kinachokuja, na msaada ukaletwa kwa treni kutoka Moshi. Basi Mjerumani aanze na vipande 5, na kila raundi arushe dadu. Ikitoka 4 kwenda juu, treni imeleta 3.

Mwingereza mpe wingi, umnyime uhakika. Askari wake walikuwa wametoka kwenye safari ndefu ya bahari, na wengine hawakuwa na mafunzo ya kutosha. Kila kikosi kinachotaka kusonga ndani ya mashamba kirushe dadu. 1 au 2, kimesita. Vikosi vya North Lancashire na Kashmir usivirushie, kwa sababu vilipigana hadi mitaa ya mji. Halafu wale nyuki. Risasi zilivuruga mizinga iliyokuwa mitini na nyuki wakatoka kwa hasira. Waingereza wengine waliamini ni mtego wa Mjerumani, lakini nyuki waliwauma na Wajerumani pia. Kwa hiyo yeyote anayepiga risasi kwenye miti akarusha dadu mbili zote zikatoka 1, vikosi vya pande zote vilivyo karibu virudi nyuma inchi 6.

Mwingereza anashinda akiishika stesheni kufikia mwisho wa raundi ya 8. Kuua hakuhesabiwi.

Sasa lile la upande mdogo. Chezeni mara mbili, nyumbani na ugenini, kama mpira. Kwanza wewe Mwingereza, kisha mnabadilishana. Kama wewe ulifika stesheni raundi ya 7 na mimi sikufika, umenishinda, hata kama Mjerumani alionekana mnyonge mechi zote mbili. Hapo una kisa kamili na una ushindani kamili kwenye meza moja, na pointi hujazigusa. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu anayepiga hesabu na anayependa hadithi wanakaa pamoja bila mmoja kumnyima mwenzake chake.

Ukipata mtu wa tatu, mfanye mwamuzi. Maofisa wa Prussia, dola la Kijerumani la zamani, walipoanza kutumia mchezo wa vita wa Reisswitz mwaka 1824, mwamuzi peke yake ndiye aliyeona majeshi yote mawili. Mwingereza wako asione vipande vya Kijerumani vilivyo kwenye miti mpaka avikaribie. Utaelewa kwa nini kusonga mbele bila kupeleleza kuliwagharimu.

Swali (Muheza): Mwenzangu anafikiri mno. Magharibi inaingia tuko raundi ya tatu.

Jibu: Kwenye mashindano makubwa hutumiwa saa ya chesi: mechi ya saa tatu, kila mmoja ana saa moja na nusu yake. Kwenye kirafiki usimletee saa ghafla, ataona umemshtaki. Punguzeni jeshi liwe pointi 1,000, na mwombe apange zamu yake wakati wewe unacheza yako. Akikataa yote mawili, basi raundi ulizokosa ni zako pia, na una haki ya kumwambia hivyo.

Swali (Mama, Usagara): Mwanangu ana miaka 12, anacheza na mjomba wake. Akifungwa analia. Nimemwambia kaka yangu amwachie ashinde, anakataa. Nani ana haki?

Jibu: Kaka yako, dada yangu, ingawa naelewa uchungu wako. Mtoto wa miaka 12 anajua akiachiwa. Anaona mjomba ana kikosi kizima pembeni hakisogei, anaona mjomba anajifanya amesahau sheria. Siku akigundua, hata ushindi wake wa kweli atautilia shaka.

Hata hivyo mjomba naye asidhani kumfunga mtoto kila wiki ndiko kumfundisha. Usawa upangwe kabla ya mchezo, na mtoto akiwepo, kisha mjomba acheze kwa nguvu zake zote. Mtoto apewe pointi 1,200, mjomba abaki na 800. Mtoto akishinda mara mbili mfululizo, yeye apunguze 50 na mjomba aongeze 50. Kila mabadiliko yaandikwe kwenye daftari ambalo mtoto mwenyewe analitunza. Na akilia mumwache alie. Asiambiwe ni mchezo tu, kwa sababu kwake si mchezo tu.

Ni hatua nne mpaka wawe 1,000 kwa 1,000. Siku wakifika, niandikie, nije niangalie.