Madogo, acheni kuziba vitundu vya milango

Juzi dogo kaja gereji na GX71 yake, ile Toyota ya zamani, imenyooka kweli, mkononi kashika tyubu ya silikoni. Eti anataka azibe vile vitundu vya chini ya mlango maana "vinaingiza maji bro". Nilimnyang'anya tyubu kabla hata sijamsalimia. Huyu ni wa tatu mwaka huu, kwa hiyo naandika.

1. Vitundu vya mlango. Nilikuwa na Toyota Corolla KE70, injini 4K, nikikaa Kigamboni, upepo wa bahari unaingia mpaka kwenye sukari. Nikaona vile vitundu nikajiona nina akili kuliko Toyota, nikaziba vyote, milango minne, tena kwa ile silikoni ya vioo inayonuka siki, kumbe ile harufu ndo asidi yenyewe, inakula bati. Haikutosha. Masika inaanza nikaifunika na turubai la nailoni, nikakaza kamba kama gunia la mkaa, nikaenda kazini Tanga miezi miwili nikilala usingizi mzuri kabisa, nawahurumia wenye magari yasiyofunikwa.

Narudi, nafungua mlango wa dereva, mzito. Nautikisa, chwaa, chwaa, kama dumu. Nikamwita fundi bodi, mzee mmoja hapo mtaani, akachoma silikoni na bisibisi, maji yakatoka rangi ya chai iliyolala, yakamlowesha kandambili na bado yanakuja tu. Akabonyeza bati kwa kidole gumba, kidole kikazama. Akasema, "Mwanangu, umechimba kisima mlangoni." Sikuwa na jibu.

Maji LAZIMA yaingie mlangoni, yanapita kwenye mpira wa kioo, na yanatokea hapo chini. Ndo kazi ya hivyo vitundu, chukua waya uvichokonoe kila kabla ya masika, basi. Na turubai la nailoni ni mfuniko wa sufuria ya wali, jua likipiga unyevu wa chini unapanda, unagonga nailoni, unadondokea rangi. Boneti yangu ilitoka malengelenge kama imepata tetekuwanga. Mtaa wa Gerezani, kwenye vipuri, nilizunguka wiki tatu nikapata mlango wa kushoto tu, wa kulia ikabidi mzee akate bati la chini aunge upya, na mpaka leo ukiufunga unalia kama kabati.

Kivuli ndiyo, banda lenye paa na pembeni wazi. Gari ipigwe na upepo.

2. Kwenye rejeta weka kulanti, ile dawa ya kupoza injini, sio maji ya kisima. Na fundi akikwambia "toa thamostati, Dar joto" (kile kivalvu kinachopima joto la injini), washa gari uondoke.

3. Mafuta ya breki. DOT 3, yale ya kawaida, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, ikishanyonya unyevu inaweza kushuka mpaka 140, na huku kwetu hewa unaweza kuikamua kama kanga. Mimi nabadilisha kila mwaka.

4. Praima, ile ya kupaka chini kabla ya rangi, sio rangi jamani, inanyonya maji. Najua hela huwa inaishia hapo hapo kwenye praima, sote tumepita. Basi usikwangue gari zima kwa mpigo, kwangua kipande unachoweza kukimaliza mpaka rangi ya juu. Kuna Datsun 1200 jirani yangu ina praima ya kijivu masika ya ngapi sijui, mwenyewe anaiita rangi ya jeshi, ukiipitisha mkono unaondoka na unga wa kutu.

5. Taa zikififia, safisha ethi kwanza, ule waya wa betri unaofungwa kwenye bodi, kabla hujanunua olteneta ya kuchaji betri. Dogo wa GX71 alishanunua mbili.

Halafu dogo, tyubu yako ninayo. Nimeziba nayo sinki la jikoni, imekaa vizuri sana.