Mwanangu, kulala kwako si kwisha kwa mapenzi

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi zikufikie huko Dodoma. Sisi hapa Tanga hatujambo, na baba yako anakusalimu sana. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja kabla ya kushika kalamu, kwa kuwa swali lako si la kujibiwa kwa pupa. Unasema kwamba mwaka jana, ulipoanza kuonana na kijana huyo, usingizi ulikupaa, chakula hakikupita, na simu ikilia mikono ilikutetemeka. Sasa unalala vizuri, siku nyingine unafanya kazi hadi jioni bila kumkumbuka, na unaogopa kwamba mapenzi yamekwisha.

Nianze na mwili, maana ndio uliokutia wasiwasi. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, wakiongozwa na Donatella Marazziti, walipima damu ya watu ambao mapenzi yao yalikuwa bado mapya, wakakuta kwamba kipimo kimoja kinachohusiana na serotonini, kemikali ya mwilini inayohusika na hisia, kimeshuka hadi kulingana na cha wagonjwa wanaoandamwa na mawazo yasiyowaachia. Baadhi yao walipopimwa tena baada ya miezi 12 hadi 18, kipimo kilikuwa kimerudi hali ya kawaida. Kwa hiyo huko kulala kwako, mwanangu, si ushahidi kwamba humpendi tena.

Ninaloamini ni kwamba katika kipindi kile cha mwanzo furaha na hofu huja zimeshikana, na aliyemo ndani yake hawezi kuzitenganisha kwa urahisi. Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walifanya jaribio kwenye daraja la Capilano, Kanada, linaloning'inia na kuyumba takriban mita 70 juu ya mto. Wanaume waliozungumza na mtafiti wa kike juu ya daraja hilo walielekea zaidi kumpigia simu baadaye kuliko wale waliokutana naye kwenye daraja imara. Watafiti wakaeleza kwamba moyo uliodunda kwa sababu ya kimo ulidhaniwa unadunda kwa sababu ya mwanamke.

Mimi hali hiyo naijua. Wakati wa uchumba wetu baba yako alikuwa akifanya kazi Pemba, na barua zake nilizisoma hadi mikunjo ikaanza kuchanika, na sehemu kubwa ya kusoma huko ilikuwa ni kutafuta dalili kwamba ameanza kunichoka. Nilifurahi, lakini nilifurahi roho ikiwa juu. Siku hizi tukikosana, kama juzi tulipobishana juu ya bati la jikoni, nakasirika kwelikweli, ila haunijii hata kidogo woga kwamba ataondoka. Na jioni nikisikia makubadhi yake uani, moyo wangu bado huchangamka. Kilichoondoka ni ule woga. Utafiti wa Bianca Acevedo na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012, uliwachunguza watu 17 waliokuwa kwenye ndoa kwa wastani wa miaka 21 na waliosema bado wanawapenda sana wenzao: walipoonyeshwa picha za wenzao, sehemu za ubongo zenye dopamini nyingi, kemikali inayohusika na hamu na raha, ziliamka kama zinavyoamka kwa wanaoanza kupendana. Sisemi kwamba kila ndoa iko hivyo, kwani hao walichaguliwa kwa sababu ya walivyojieleza, lakini inatosha kuonyesha kwamba jambo hilo lipo.

Hata hivyo sitaki ujifariji kwa upofu, kwa maana upo utulivu na upo ubaridi. Aliyepoa huiacha simu iite, huanza kuhesabu dakika mwenzake anapoeleza shida zake, na habari njema akizipata huwapelekea wengine kwanza. Tena usiutamani ule mdundo kiasi cha kumwona bora mtu anayetoweka siku tatu kisha akarudi na maneno matamu. Mtu wa namna hiyo anaweza kukuweka roho juu kwa miaka, nawe ukadhani ni mahaba makubwa, kumbe ni kutojua kesho yako tu.

Katika barua hiyohiyo umeandika, kama jambo la kupita, kwamba siku uliyokosa kupandishwa cheo ulimweleza yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, ukalia mbele yake bila kuona haya, kisha ukalala hadi asubuhi. Hapo ndipo niliposimama nikarudia kusoma, kwa sababu yule wa mwaka jana, ambaye mikono ilikuwa ikimtetemeka, nadhani angejifuta machozi kwanza ndipo ampigie. Ukija kwetu sikukuu, mwulize kama yuko tayari kuja nawe. Baba yako nimeshamwambia, naye ameridhia.

Akupendaye daima,
Mama yako