Namba za Penseli

Mwanangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba umekikuta kile kitabu cha Babu cha kuandikia safari za ndege, ndani ya sanduku la bati ambalo sijalifungua tangu tumzike. Ukaniuliza: "Mama, Babu alikuwa vitani, mbona hakuandika hata neno moja la vita? Ni tarehe, aina ya ndege, alikotoka, alikokwenda na saa tu."

Kitabu kile ni cha kazi. Rubani huandika saa zake ili zihesabiwe, basi. Lakini hebu kifungue tena, utazame pembeni kabisa mwa kurasa za 1978 na 1979. Kuna namba za penseli, ndogo kama punje za mtama. Ngerengere kwenda Mwanza: 32. Mwanza kurudi: 22. Kwenda 30, kurudi 17.

Baba alijifunzia urubani Kanada, miaka ile ya sitini Wakanada walipolisaidia jeshi letu kuanzisha kikosi cha anga. Aliporudi akapewa Caribou, ndege ya mizigo ya injini mbili, yenye mlango wa nyuma unaoshuka mpaka chini, na inayoweza kutua kwenye kiwanja kifupi cha changarawe. Haikuwa ndege ya kuangusha mabomu. Ilichukua askari 32 waliokaa, au machela 22. Sasa zisome tena zile namba.

Amin alipoingia Kagera, mwishoni mwa Oktoba 1978, mimi nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa kota za Ukonga. Novemba 2 tulijazana kwa jirani kumsikiliza Mwalimu redioni akisema uwezo tunao, sababu tunazo, nia tunayo. Watu walishangilia sana. Mama aliondoka kabla hotuba haijaisha, akaenda kuwasha pasi ya mkaa na kunyoosha sare za Baba. Nilimkuta ameinamia kola moja, anairudia na kuirudia.

Baba alikuwa akija na kuondoka. Buti zake aliziacha nje ya mlango, akazisafisha mwenyewe alfajiri kwa maji mengi, na hakutaka mtu azishike. Nilipokuwa sekondari nikaziona zile namba, nikamuuliza ni za nini. Akasema, "Ni watu." Akafunga kitabu. Hakuniambia zaidi, na mimi sitakutungia hadithi ambazo yeye mwenyewe hakuzisema.

Miaka ya themanini akatoka jeshini, akaingia Air Tanzania, shirika lililoundwa 1977 baada ya lile la Afrika Mashariki kuvunjika. Akawa anarusha Fokker Friendship, ile yenye madirisha makubwa yenye umbo la yai na injini zinazolia mpaka masikio yanauma. Shati jeupe, twiga mkiani mwa ndege, watoto wa mtaani wanamwita Kepteni. Februari 1982 ndege ya shirika ilipotekwa ikitoka Mwanza, ikapelekwa mpaka Stansted huko Uingereza, yeye hakuwamo, lakini hakulala. Alikaa na redio mpaka iliposikika kwamba watekaji wamejisalimisha na abiria wametoka. Ndipo akaomba chai.

Alinipandisha ndege yake mara moja tu, kwenda Mtwara, nilipomaliza kidato cha nne. Nilikaa dirishani nikiutazama ukingo wa bahari, naona fahari ambayo mpaka leo siwezi kuieleza. Tulipotua, Baba alishuka haraka akasimama chini ya ngazi kwenye lile jua. Nilidhani anawaaga abiria, kwa kuwa alimwambia kila mmoja "karibu tena". Nilipokaribia nikaona mkono wake wa kushoto, ule alioubana pajani: kidole gumba kilikuwa kinatembea juu ya pingili za vidole vingine, moja moja, kama mtu anayevuta uradi. Akina mama wenye watoto mgongoni aliwahesabu wawiliwawili. Mimi nilikuwa wa mwisho, kikapu mkononi. Kidole kikasimama. Midomo yake ikatikisika, "Arobaini na moja," kisha akanipokea kikapu.

Desemba ukija, njoo nacho kitabu. Ila kabla ya hapo itafute safari hiyo ya Mtwara. Utaiona 41 ya penseli pembeni. Nami nimo humo.

Mama yako