Mmeniuliza kuhusu hoki ya barafuni, haya majibu yenu

Haya jamani, tangu niseme hapa kwamba kazi yangu huku Halifax, Kanada, ni kuwaandikia watoto historia ya hoki ya barafuni, maswali yamekuja mengi mpaka nimefurahi. Siwezi kuyajibu yote leo, nimeokota machache.

Dada, mtoto wa Tanga na barafu wapi na wapi? Ulianzaje? (Msomaji, Muheza)

Mwanangu ndo alinianzisha. Alikuwa na miaka 8, akarudi na kitabu cha maktaba chenye picha za wachezaji wa zamani, akakifunua ukurasa kwa ukurasa halafu akaniuliza, mama, watu weusi walikuwa hawachezi? Sikuwa na jibu, na roho iliniuma kukosa jibu. Jumamosi yake nikaenda maktaba mwenyewe kuchimba, na nilichokikuta kilinikalisha chini, kumbe mwaka 1895, hapa hapa Halifax, watu weusi walishaanzisha ligi yao wenyewe, ikiandaliwa na makanisa ya Baptisti, wengi wao wazee wao walikuwa wamekimbia utumwa Marekani. Hiyo NHL mnayoisikia, ligi kubwa ya hoki ya Kanada na Marekani, imeanzishwa 1917, yaani miaka 22 baadaye! Na viwanja walikuwa wanapewa mwisho wa msimu, timu za wazungu zikishamaliza, barafu imeshaanza kulainika, na bado watu walijaa kuwatazama. Kulikuwa na kipa wa timu ya Dartmouth Jubilees, Henry Franklyn, ambaye alikuwa anajitupa chini kuzuia goli wakati makipa wa ligi nyingine wanasimama wima tu. Mwaka 2020 posta ya Kanada ikawatolea stempu. Miaka zaidi ya mia, si kidogo. Basi hadithi yangu ya kwanza niliiandika kwa ajili ya mwanangu, zingine zikafuata.

Mwalimu katuambia hoki ilianzia Montreal, ni kweli? (Mwanafunzi, Ottawa)

Mwalimu wako hajakosea sana mwanangu, ila sentensi inataka kurekebishwa kidogo. Tarehe 3 Machi 1875 huko Montreal, kwenye jengo la Victoria Skating Rink, ilichezwa mechi ya kwanza inayojulikana ya ndani iliyopangwa kwa timu na sheria, watu 9 kila upande, na badala ya mpira wakatumia kipande bapa cha mbao ili kisiruke kikawapiga watazamaji. Aliyeipanga, James Creighton, alikuwa mtu wa Halifax, na huku Nova Scotia, jimbo letu la Halifax, watu walikuwa wanacheza kwenye maziwa yaliyoganda tangu zamani, na Wamikmaki, wenyeji wa hapa, walikuwa mafundi wa kuchonga magongo ya mti mmoja mgumu kweli. Kwa hiyo mimi naandika "mechi ya kwanza ya ndani", siandiki "hoki ilizaliwa". Nalipigania sana neno moja kama hilo, manake mtoto akilisoma leo atakuwa nalo mpaka uzeeni.

Shangazi nina miaka 11, stori gani unaipenda kuliko zote? (Kijana, Nairobi)

Ya watu wa Dawson City! Sikiliza basi. Dawson ni mji wa wachimba dhahabu huko Yukon, kaskazini kabisa. Desemba 1904 timu yao ikaondoka kwenda Ottawa kugombea Kombe la Stanley, taji kubwa la hoki, safari ya zaidi ya kilomita 6,000. Wengine walianza kwa baiskeli, wengine na mbwa wa kuvuta sleji, baiskeli zikaharibika wakatembea kwa miguu kwenye theluji, halafu wakapanda treni, meli wakaikosa wakasubiri, wakapata nyingine ikawatapisha njia nzima, halafu tena treni kukatisha Kanada yote. Wakafika Januari 12, 1905, na mechi ni kesho yake. Wakaomba wapumzike siku chache, wakakataliwa. Ya kwanza wakafungwa 9 kwa 2. Ya pili, 23 kwa 2. Na kati ya hayo 23, mtu mmoja, Frank McGee, alifunga 14 peke yake, na McGee alikuwa haoni jicho moja. Miaka 11 baadaye akafia vitani Ufaransa.

Watoto nikiwasomea hii hawawacheki Dawson hata kidogo, wanauliza walirudije nyumbani.

Mi naona watoto waachiwe utamu tu, habari za huzuni za nini? (Mama wa wawili, Edmonton)

Dada yangu, nakuelewa, hata mimi nilikuwa na hofu hiyo. Lakini hebu chukua Fred Sasakamoose, Mkrii wa Saskatchewan, aliyechezea Chicago mechi 11 msimu wa 1953-54, mmoja wa wenyeji wa kwanza kabisa kufika NHL. Hoki alijifunza kwenye shule ya bweni waliyopelekwa watoto wa wenyeji kwa nguvu, wakatengwa na wazazi na lugha yao, na huko aliumizwa sana. Nikiandika goli na shangwe tu nikaiacha hiyo shule, nimemdanganya mtoto, na kuna watoto wanaonisoma ambao bibi zao walipelekwa shule hizo hizo. Ninachofanya ni kupima. Nasema alichukuliwa, nasema aliumizwa, mengine namwachia mzazi aliyekaa pembeni.

Willie O'Ree ni hivyo hivyo. Januari 18, 1958 akawa mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, akiwa na timu ya Boston, na jicho la kulia lilikuwa karibu halioni kabisa baada ya kupigwa na paki, kile kipande bapa cha kuchezea, akaficha siri hiyo ili aendelee kucheza. Alitukanwa viwanjani kwa rangi yake, na hilo naliandika, bila kuyarudia matusi yenyewe. Jezi yake namba 22 Boston waliistaafisha 2022, akiwa na miaka 86.

Na wasichana je?

Wapo tele. Muulizie Abby Hoffman wa Toronto, alicheza na wavulana msimu wa 1955-56 amekata nywele fupi na kajiandikisha Ab, hadi walipokagua cheti cha kuzaliwa. Baadaye akakimbia mita 800 kwenye Olimpiki nne.

Kwetu Afrika Mashariki kuna barafu kweli? (Msomaji, Mwanza)

Ipo Nairobi, uwanja mdogo ndani ya hoteli moja barabara ya Mombasa, umefunguliwa 2005. Hapo ndo ilipozaliwa timu ya hoki ya Kenya, Ice Lions. Kwa muda mrefu walikuwa hawana timu nyingine ya kucheza nayo, wanagawana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 wakaletwa Kanada wakacheza mechi, na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi yao wakacheza upande wao. Nilitoa machozi jamani. Hao nao ni historia, nawaandikia sasa hivi.

Nataka kuwaandikia watoto habari za wanamichezo wa zamani wa mtaani kwetu, nianzie wapi? (Mwalimu, Pangani)

Mwalimu, anza na wazee walio hai, na uende mapema. Chukua daftari, mwache mzee aongee weee mpaka achoke, halafu siku ya pili rudi na maswali ya tarehe na majina, ukienda kuhakikisha kwa mzee mwingine na kwenye magazeti ya zamani. Wakipishana, andika kwamba wanapishana, mtoto anaelewa. Na usisahau kumuuliza mzee alikuwa anavaa nini miguuni siku anacheza, manake kila darasa ninaloingia hilo ndo swali la kwanza.